Ligi kwanza, ndondo baadaye: wa nane alifikaje fainali ya NBA?

Alfajiri ya Jumapili, Mei 28, 2023, jirani yangu alinikuta nimekaa barazani, simu mkononi, macho mekundu. Yeye alikuwa anarudi kutoka msikitini. Mimi sikuwa nimelala. Mechi ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ilianza saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu, na ilikuwa imetoka kuisha muda si mrefu.

"Nani kashinda?"

"Boston. Mia na nne kwa mia na tatu. Wamefunga ikiwa imebaki sehemu moja ya kumi ya sekunde."

"Kwa hiyo Boston ndiyo mabingwa."

"Bado. Sasa wako tatu kwa tatu na Miami. Keshokutwa wanamalizana, mmoja anakwenda fainali."

"Na hao Miami kwenye ligi walishika nafasi ya ngapi?"

"Waliingia wakiwa wa nane."

Akasimama. "Wa nane? Na wa kwanza yuko wapi?"

"Alishatolewa. Na hao hao Miami."

Jirani yangu ni mtu wa soka tangu utoto. Akatikisa kichwa, akacheka. "Kaka, hiyo si ligi. Hiyo ndondo."

Kila mwaka kati ya Aprili na Juni nasikia malalamiko ya namna hii, barazani na kwenye magrupu ya WhatsApp. Timu imehangaika miezi sita kuongoza msimamo, halafu inatolewa na timu ya chini kabisa, na ligi inaendelea kama hakuna kilichotokea. Jirani alikuwa ameshika nusu ya jibu bila kujua. Msimu wa NBA ni ligi, halafu ni ndondo, kama yale makombe ya mtaani ya kutoana. Ila ni ndondo ya aina yake, ambayo mpinzani mmoja unaweza kukutana naye mara saba mfululizo. Ukitaka kuielewa, msimu wa 2022/23 wa Miami Heat ni darasa zuri kuliko msimu wa bingwa yeyote, kwa sababu timu hii ilipita kwenye kila mlango, hadi ule wa uani.

Pointi na pointi

Tusafishe maneno kwanza. Kwenye soka, pointi ni unachopewa mechi ikiisha: tatu kwa ushindi, moja kwa sare. Kwenye kikapu, pointi zinafungwa ndani ya mechi: mbili kwa kikapu cha kawaida, tatu ukirusha kutoka nje ya ule mstari mkubwa uliopinda, moja kwa mtupo huru, ule unaopewa ukichezewa rafu. Ligi zinazofuata kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, huwa na pointi za msimamo pia. Mshindi anapewa mbili, na aliyefungwa anapewa moja, kwa kuwa tu alifika uwanjani akamaliza mechi. Wengi wetu tumezoea kusoma msimamo wa namna hiyo.

NBA haina habari hizo. Msimamo wake una hesabu mbili: ulizoshinda na ulizopoteza. Sare haipo. Dakika 48 zikiisha mmelingana, mnaongezewa tano, mkilingana tena tano nyingine, mpaka mmoja aanguke.

Kwa hiyo ukiona "44-38" usidhani ni matokeo ya mechi ya watoto wa shule. Huo ni msimu mzima wa Heat: wameshinda 44, wamepoteza 38, jumla 82. Najua mtu wa Simba au Yanga akisikia "wamepoteza 38" anashika kichwa, maana Ligi Kuu Bara nzima ni mechi 30. Lakini kwenye NBA kufungwa ni sehemu ya kazi. Milwaukee Bucks, walioongoza ligi nzima msimu ule, walifungwa mara 24. Denver Nuggets, waliokuja kubeba kombe, walifungwa mara 29.

Sababu ni ratiba. Mechi 82 zinabanwa ndani ya miezi sita hivi, Oktoba hadi Aprili. Wiki moja unacheza tatu au nne, na kuna siku unacheza usiku huu mji huu, kesho usiku mji mwingine, katikati kuna ndege. Hakuna binadamu anayecheza mechi 82 kama vile kila moja ni ya mwisho. Makocha wanapumzisha watu, nyota wanakaa benchi na vifundo vilivyovimba, na timu mbovu inamkuta bingwa amechoka inamchapa.

Ligi ya miezi sita inanunua nini

Timu ziko 30, zimegawanywa Kanda ya Mashariki na Kanda ya Magharibi, 15 kwa 15. Kila kanda ina msimamo wake. Unacheza na kila timu ya kanda ya pili mara mbili, hapo umepata 30. Zinazobaki 52 unacheza na watu wa kanda yako, wengi wao mara nne, wachache mara tatu. Wa Mashariki wanachujana wenyewe, wa Magharibi vivyo hivyo, na wanaobaki wawili, mmoja kila upande, ndio wanakutana fainali.

Tofauti na soka iko hapa. Kwenye ligi ya soka msimamo ndio hukumu: anayeongoza siku ya mwisho anavishwa medali. Kwenye NBA msimamo ni foleni tu. Mechi 82 zinakupa namba ya kuingia kwenye mtoano na haki ya kuanzia nyumbani. Ukiwa wa kwanza unapangiwa wa nane, wa pili na wa saba, wa tatu na wa sita, wa nne na wa tano, na mkifika mechi ya saba inachezwa kwako. Ni faida, lakini kombe halimo.

(Tangu msimu wa 2023/24 kuna kombe jingine dogo linalochezwa kabla ya mwaka kuisha, na limewachanganya watu zaidi. Liweke pembeni. Anayelichukua Desemba bado anaweza kulala na njaa Juni.)

Mlango wa uani

Watu wengi wanaposema "Miami walikuwa wa nane" wanadhani ndiyo nafasi waliyomaliza kwenye msimamo. Sivyo. Walimaliza wa saba. Unane walipewa baada ya kufungwa.

Kwa utaratibu wa sasa, ulioanza msimu wa 2020/21, sita wa kwanza wa kila kanda wanaingia mtoano moja kwa moja. Nafasi mbili za mwisho zinagombewa na wanne: wa saba, wa nane, wa tisa na wa kumi. Mimi naziita mechi za mlangoni. Wa saba anacheza na wa nane, na mshindi anachukua tiketi namba saba. Aliyefungwa hafi hapo. Anamsubiri mshindi wa mechi ya wa tisa na wa kumi, wanacheza, atakayeshinda anachukua tiketi namba nane. Kwa hiyo wa saba na wa nane wana roho mbili. Wa tisa na wa kumi wana moja.

Heat walisukumwa huko na mechi moja tu. Brooklyn Nets walimaliza wa sita wakiwa 45-37, Heat 44-38. Nets wenyewe walikuwa wameshawauza nyota wao Kevin Durant na Kyrie Irving mwezi Februari, wakabaki ganda, lakini ushindi waliouweka ghalani mapema ukawatosha kuingia kwa mlango wa mbele. Kisha Philadelphia wakawafunga nne bila.

Aprili 11 Atlanta Hawks wakaenda Miami wakashinda 116-105. Tiketi namba saba ikaondoka nayo. Siku iliyofuata, Toronto Raptors, wa tisa, wakawakaribisha Chicago Bulls, wa kumi, na hii lazima niisimulie. Kila Mtoronto alipokwenda kwenye mstari wa mitupo huru, binti mdogo wa DeMar DeRozan wa Chicago alipiga ukelele mkali kutoka jukwaani, ukelele uliosikika kwenye televisheni hadi huku kwetu. Raptors walipata mitupo huru 36, wakakosa 18. Wakafungwa kwa pointi nne, 109-105. Msimu wa mechi 82 ukaishia kwenye sauti ya mtoto.

Chicago wakasafiri kwenda Miami Aprili 14, na robo ya mwisho walikuwa wanaongoza. Nyota wa Heat, Jimmy Butler, akafunga 31, mwenzake Max Strus naye 31, Heat wakashinda 102-91. Wangefungwa pale hakuna ambaye angeukumbuka msimu wao. Wangekuwa timu ya kawaida iliyokosa mtoano.

Binafsi nazipenda mechi za mlangoni kwa kuzitazama, lakini kwa haki sizipendi. Mtu amecheza usiku 82, halafu unampima kwa mmoja. Huko ndiko ndondo ya jirani yangu inakopatikana haswa, kwa sababu ukishavuka mlango, mchezo unabadilika.

Bora kati ya saba

Kwenye mtoano wa NBA humtoi mtu kwa mechi moja. Anayetangulia kushinda nne ndiye anayepita, kwa hiyo mnaweza kumaliza kwa mechi nne au mkafika saba. Mbili za mwanzo zinachezwa kwa aliyeshika nafasi ya juu, mbili kwa mwenzake, kisha mnapokezana.

Wacheza drafti wanaelewa hili bila kufundishwa. Mwanafunzi anaweza kumfunga fundi mara moja, fundi akiwa amezubaa anasalimiana na watu. Lakini waambie wakae wacheze mpaka mmoja ashinde mara nne. Mwanafunzi atainuka mapema.

Tuipige hesabu kidogo. Chukulia timu A ni bora kuliko B kiasi kwamba wakicheza mara 10, A anashinda 6. Ukiamua kwa mechi moja, A anapita kwa asilimia 60. Ukiamua kwa bora kati ya saba, anapita kwa asilimia 71. Kadiri mnavyocheza nyingi ndivyo aliye bora anavyojitokeza. Ila tazama hiyo asilimia 29 iliyobaki. Karibu mara tatu katika kila kumi, aliye dhaifu bado anapita hata kwa mechi saba. Na ili uwe bingwa unahitaji kupita raundi nne za namna hiyo, moja baada ya nyingine. Mwenye nafasi ya asilimia 71 kila raundi anabeba kombe kama mara moja tu katika nne.

Linganisha na Kigali. Siku hiyo hiyo ya Mei 27, saa chache kabla ya ile mechi iliyoninyima usingizi, Al Ahly ya Misri iliifunga AS Douanes ya Senegal 80-65 kwenye uwanja wa BK Arena, ikawa bingwa wa Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL. Fainali ile ilikuwa ya mechi moja. Ukiamka vibaya siku hiyo, basi tena hadi mwakani. Kwa kipimo hicho, BAL iko karibu na ndondo kuliko NBA.

Kilichomkuta wa kwanza

Raundi ya kwanza Heat walipangiwa Bucks, 58-24, na nyota wao Giannis Antetokounmpo. Hakuna mtu mzima aliyeweka hela yake kwa Miami.

Mechi ya kwanza, Milwaukee, Giannis aliangukia mgongo, akatoka baada ya kucheza dakika 11. Miami wakashinda 130-117, ingawa nao walipoteza mtu: Tyler Herro alivunjika mkono usiku ule ule. Mechi ya pili Bucks wakajibu bila Giannis, 138-122, wakipachika mitupo ya pointi tatu 25. Ya tatu Miami. Ya nne Giannis akarudi, Bucks wakaongoza, na Butler akafunga pointi 56, Miami 119, Bucks 114.

Ya tano ndiyo ya kusimulia wajukuu. Bucks waliingia robo ya mwisho wakiwa mbele kwa pointi 16, nyumbani kwao. Heat wakazila moja moja. Mwishoni kabisa mpira ukarushwa juu kutoka pembeni, Butler akaudaka hewani akiwa anaanguka, akausukumia ndani ikiwa imebaki nusu sekunde. Sare. Dakika tano za nyongeza, 128-126, kwaheri Bucks. Giannis peke yake alikuwa amekosa mitupo huru 13 kati ya 23.

Hapa hoja mbili zinagombana, na kila upande una haki yake. Wa kwanza wanasema jeraha la Giannis ndilo lililoamua. Ni kweli alikosa mechi mbili nzima na sehemu kubwa ya moja. Lakini moja kati ya hizo mbili alizokosa nzima ndiyo pekee Bucks waliyoshinda, na aliporudi walifungwa zote. Wa pili wanasema Miami walikuwa bora. Kwa mechi tano zile, ndiyo. Kwa mwaka mzima, hapana, na hakuna ubaya kusema yote mawili.

Baada ya mechi mwandishi mmoja alimuuliza Giannis kama msimu ule ulikuwa wa kushindwa. Akamrudishia swali: wewe kazini unapandishwa cheo kila mwaka? Akamtaja Michael Jordan, aliyecheza miaka 15 akabeba makombe 6, akauliza kama ile 9 mingine nayo ilikuwa ya kushindwa. Jibu lile lilizunguka dunia nzima, wengine wakilisifia, wengine wakiliita kisingizio. Kocha wake alifukuzwa wiki iliyofuata.

Na kwa wanaosema wa nane kumtoa wa kwanza hakujawahi kutokea: kabla ya hapo ilishatokea mara tano, mwaka 1994, 1999, 2007, 2011 na 2012. Mwaka 1999 aliyekuwa wa kwanza akatolewa alikuwa nani? Miami Heat. Wa nane alikuwa New York Knicks, naye akafika fainali, akafungwa.

Bahati, au walikuwa wamejificha?

Takwimu za Heat za ile miezi sita zinatia huruma. Walikuwa wa mwisho kati ya timu 30 kwa pointi za kufunga, 109.5 kwa mechi, na kwa wastani walifungwa nyingi kidogo kuliko walizofunga. Mitupo ya pointi tatu waliingiza asilimia 34.4, wakawa wa 27. Halafu mtoano ukaanza, watu wale wale wakawa wanatoboa kama wanatupa mawe kisimani. Dhidi ya Bucks, na baadaye dhidi ya Boston, walivuka asilimia 40.

Watu wakasema uchawi. Ila msimu wa nyuma yake, 2021/22, Heat ndio waliokuwa wa kwanza ligi nzima kwa mitupo hiyo, asilimia 37.9, na wachezaji walikuwa karibu wale wale. Mvuvi akirudi mikono mitupu mwezi mzima hajasahau kuvua. Upepo ulikuwa mbaya. Mitupo ya mbali ndivyo ilivyo, inapanda na kushuka bila sababu unayoweza kuishika mkononi, na miezi sita bado inaweza kukudanganya. Kwa hiyo tuliyoiona mtoano ilikuwa Heat halisi zaidi ya tuliyodhani, pamoja na bahati ya kuiva Aprili badala ya Januari.

Kingine ni kwamba mtoano wenyewe ni mchezo tofauti. Hakuna safari za kila usiku. Nyota anayecheza dakika 33 anacheza 40. Na mpinzani ni mmoja kwa wiki mbili, kwa hiyo kocha anapata muda wa kumsoma. Erik Spoelstra, aliyeishika Miami tangu 2008, ni bingwa wa kazi hiyo. Msimu ule Heat walilinda kwa eneo kuliko timu nyingine yoyote. Yaani badala ya kila mtu kumganda mtu wake, kila mtu analinda kipande chake cha uwanja, kama walinzi wa soko waliogawana vichochoro. Timu iliyozoea kumtafuta mlinzi mmoja dhaifu na kumwonea inafika pale inakuta haoneki.

Drafti isiyo ya kijiweni

Neno drafti nimeshalitumia kwa mchezo wa kete. NBA wana drafti yao: kila mwaka mwezi Juni timu zinachagua vijana wapya kwa zamu, na zilizofanya vibaya ndizo zinazotangulia, kwa bahati nasibu. NBA hakuna kushuka daraja. Mwisho wa msimamo unapewa pole badala ya adhabu, na ndiyo maana Februari na Machi utaona timu nyingine zinacheza kama zinatafuta kufungwa. Hilo nalo linawashangaza watu wa soka, na kwa kweli linashangaza.

Sisi tuna mtu wetu kwenye historia hiyo. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, urefu mita 2.21, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009. Memphis walikuwa wametoka kushinda mechi 24 tu kati ya 82. James Harden alichaguliwa baada yake, Stephen Curry alikuwa wa saba. Mambo hayakumwendea Hasheem kama tulivyoota, na kuna watu mpaka leo wanamcheka mitandaoni. Wangeuliza kwanza ni wangapi wamewahi kutoka kwenye viwanja vyetu vya saruji wakafika pale hata kwa siku moja.

Namtaja kwa sababu Heat walikuwa upande wa pili wa shilingi. Strus, Gabe Vincent, Caleb Martin na Duncan Robinson, wote wanne hawakuchaguliwa kabisa. Timu 30, raundi mbili, hakuna aliyewaita. Na ndio waliobeba msimu. Dhidi ya Boston, Caleb Martin alikaribia kuchukua tuzo ya mchezaji bora wa fainali ya Mashariki: kura tano zilikwenda kwa Butler, nne kwake. Namba ya drafti ni makadirio ya mtu mzima kuhusu kijana wa miaka 20. Huwa wanakosea, tena sana.

"Hizi mechi zinapangwa"

Hili ndilo nalisikia zaidi. Miami waliwatoa Knicks 4-2, kisha wakaongoza 3-0 dhidi ya Boston Celtics, wa pili wa Mashariki. Hapo Boston wakashinda tatu mfululizo, ya tatu yake ndiyo ile ya barazani: Marcus Smart alirusha akakosa, mpira ukadunda kwenye ringi, Derrick White akatokea pembeni akaurudisha ndani saa ikiwa inazima. Grupu zima likaandika: imepangwa, wanataka mechi ya saba wauze matangazo.

Sina ufunguo wa ofisi za NBA. Lakini fuata mantiki yake. Zaidi ya timu 150 zimewahi kuwa nyuma 3-0 kwenye mtoano, na hakuna hata moja iliyopindua. Kama kuna mtu anapanga, hapo alikuwa na hadithi kubwa kuliko zote, na timu yenye mashabiki wengi kuliko Miami. Basi Boston wangeshinda ya saba, nyumbani kwao. Walifungwa 103-84. Nyota wao Jayson Tatum aliteguka kifundo kwenye shambulizi la kwanza kabisa la mechi. Upande wa Magharibi nao Lakers ya LeBron James, inayouza jezi kuliko maji, ilitolewa na Denver nne bila. Mpangaji wa namna hii angekuwa anajitia hasara mwenyewe.

Mlima Denver

Fainali ilikuwa fupi. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Nairobi. Miami iko ufukweni. Fikiria timu ya Mombasa imemaliza mechi saba za jasho, halafu baada ya siku tatu inapanda kwenda kucheza Nairobi na watu waliopumzika zaidi ya wiki. Mechi ya kwanza Heat walipata mitupo huru miwili tu, michache kuliko yote katika historia ya mtoano, ishara ya timu isiyo na miguu ya kushambulia goli. Waliiba mechi ya pili, 111-108. Baada ya hapo Nikola Jokić na Jamal Murray wa Denver wakafunga duka. Juni 12, Denver 94, Miami 89, nne kwa moja, kombe la kwanza la Nuggets.

Denver walikuwa wa kwanza Magharibi. Kwa hiyo mwisho wa yote, ndondo ilimtawaza kiongozi wa ligi ya upande wake. Haitokei hivyo kila mara. Golden State Warriors mwaka 2016 walimaliza 73-9, rekodi ambayo haijavunjwa, wakaongoza fainali 3-1 dhidi ya Cleveland, wakafungwa 4-3. Mechi 73 walizoshinda zimo kwenye vitabu. Pete za ubingwa ziko Cleveland.

Nilimweleza jirani haya yote kwa vipande, wiki nzima, kila tukikutana. Akaelewa, au akachoka. Aprili iliyofuata akaniuliza mwenyewe: "Wale wa nane wako wapi?" Nikamwambia. Strus alikwenda Cleveland, Vincent alikwenda Lakers. Heat wamemaliza 46-36, wameshinda mechi mbili zaidi ya mwaka ule. Wamefungwa mechi ya kwanza ya mlangoni, na Butler ameumia goti humo humo. Wamewafunga tena Chicago, wameingia wakiwa wa nane, na wa kwanza waliyepangiwa ni Boston.

"Ikawaje?"

Boston, nne kwa moja.